Mwenye kura nyingi na mwenye zaidi ya nusu ni watu wawili tofauti. Naomba tulijadili hili kwa utulivu

Katibu_wa_Vibua (Tanga)

Wakuu, salaam. Nauza samaki kwenye soko la pwani la Deep Sea hapa Tanga, na huu ni mwaka wa sita mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Jina la kikundi naliacha, jambo lenyewe bado ni bichi.

Mwezi uliopita tulichagua mwenyekiti. Wagombea walikuwa watatu, wapiga kura 83. Wa kwanza alipata 31, wa pili 27, wa tatu 25. Nilihesabu mara mbili mbele ya watu nikatangaza kuwa wa kwanza ameshinda, kwa sababu katiba yetu ina mstari mmoja tu juu ya hilo: mwenye kura nyingi ndiye mwenyekiti. Hakuna aliyeiba na hakuna kura iliyoharibika.

Sasa tazameni. Mzozo wote wa uchaguzi ule ulikuwa fedha. Wa kwanza alitaka fedha za kikundi ziendelee kukopeshwa wenye mashua. Wa pili na wa tatu, wote wawili, walitaka zipelekwe benki mpaka madeni ya zamani yalipwe. Kwa hiyo watu 52 walitaka benki, 31 walitaka mkopo, na fedha zimekopeshwa. Tangu siku ile nusu ya wanachama hawaleti hisa. Bibi mmoja muuza dagaa alinifuata mpaka mezani kwangu akaniuliza: "Mwanangu, si wewe uliyehesabu? Hamsini na mbili na thelathini na moja, wengi ni wepi?" Nilikosa la kumjibu. Nimelala na swali lile wiki tatu.

Nilipokwenda kuisoma Katiba ya nchi nikakuta mstari wetu ni ule ule. Ibara ya 41(6) inasema mgombea urais atatangazwa amechaguliwa akipata kura nyingi zaidi kuliko mgombea mwingine yeyote. Basi. Haitaji nusu. Ubunge wa jimbo na udiwani wa kata ni hivyo hivyo. Unaingia kwenye kituturi, unaweka alama ya vema kwa mtu mmoja, unatumbukiza kisandukuni. Jioni kura zinahesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala, fomu ya matokeo inabandikwa, majumuisho ya ubunge yanafanyika jimboni, na msimamizi wa uchaguzi anamtangaza aliyetangulia. Hata akitangulia kwa kura moja, ndiye.

Wagombea wakiwa wawili, hesabu hii haina shida, mshindi atakuwa amevuka nusu apende asipende. Wakiwa watatu, theluthi na kidogo inatosha. Wakiwa kumi, na wale tisa wakagawana karibu sawa, mtu anaweza kupita na kura 11 katika 100. Ninachotaka kujua ni kama kikundi kama chetu, au nchi kama yetu, inapaswa kuridhika na hilo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna mkutano wa kurekebisha katiba, na mimi ndiye nitakayeandika.

Bin_Pongwe

Mkuu, kwenye urais umeteleza. Rais lazima apate nusu jumlisha moja, asipopata wanarudia. Nimelisikia redioni mara nyingi tu.

Katibu_wa_Vibua

Ndugu yangu, nadhani ulichosikia ni cha Kenya. Sisi huku redio za Mombasa zinaingia bila kutafutwa. Wenzetu, kwa Katiba yao ya 2010, mshindi lazima avuke nusu ya kura zote na pia apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47.

Ila hukukosea kabisa. Uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi, 1995, ulifanyika chini ya sharti la kuvuka nusu. Mabadiliko ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, ndiyo yaliyoliondoa. Watu wengi hawakulisikia likiondoka kwa sababu halijawahi kutuuma. Mwaka 1995 Mkapa alitangazwa na asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba na Cheyo wakagawana zilizobaki. Matokeo ya urais yaliyokuwa ya chini kuliko yote tangu hapo ni ya 2015, Magufuli asilimia 58.46. Hakuna rais wa Muungano aliyetangazwa chini ya nusu. Mlango upo wazi, ila hakuna aliyewahi kuupita.

Bin_Pongwe

Nimekusoma. Kumbe siku zote nilikuwa nahesabu na kanuni ya jirani.

Mwl_Makorora

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha historia na uraia, na jambo hili limenigusa.

Bahari hii tunayoitazama kila siku, ng'ambo yake Pemba, ndiyo iliyonifundisha kuwa "kura nyingi" ina maana mbili. Julai 1963 Zanzibar ilifanya uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Viti vilikuwa 31. Chama cha ASP, yaani Afro-Shirazi, kilipata takriban asilimia 54 ya kura zote za visiwani. Zaidi ya nusu, wanangu, si theluthi! Lakini ikapata viti 13. Wapinzani wake, vyama vya ZNP (Hizbu) na ZPPP, walipata 12 na 6, wakaungana wakawa na 18 na kuunda serikali. Chama kilichopigiwa kura na zaidi ya nusu ya watu kikakaa upinzani. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, na Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi. Sisemi hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoleta yale, kulikuwa na mambo mengi na mazito: ardhi, kazi, asili za watu. Lakini mtu aliyeshinda kwa vichwa akashindwa kwa viti hasahau.

Ilikuwaje? Kura za ASP zilirundikana. Kwenye majimbo yake ilishinda kwa maelfu, na kura zote za ziada pale hazikuwa na kazi, kwa kuwa jimbo moja ni kiti kimoja hata ushinde kwa kura moja au kwa elfu tano. Wenzao walishinda majimbo mengi zaidi kwa tofauti ndogo. Na hiyo kura moja siisemi kwa mfano tu: Januari 1961, jimbo la Chake Chake, ASP ilipita kwa kura moja. Uchaguzi ule uliishia sare, viti 11 kwa 11 baada ya ZPPP kugawanyika, ikabidi waongeze jimbo la 23 na kurudia mwezi Juni.

Kwa hiyo katibu, swali la bibi lina ndugu yake. Bibi anauliza "wangapi?" Katika uchaguzi wa majimbo lazima uulize pia "wanakaa wapi?"

Nahodha_Mwambani

Mwalimu shikamoo. Nimesoma mara mbili na bado nasimama upande wa mfumo uliopo.

Sababu ya kwanza, unaeleweka. Mama yangu hakuingia darasani hata siku moja, lakini ukimwambia huyu ana kura 400 na yule 390, hahitaji mtu wa kumtafsiria. Matokeo yakibandikwa mlangoni anakwenda na mjukuu wake wanasoma, wanarudi nyumbani wanajua nani ameshinda. Hilo nalithamini kuliko hesabu nzuri ambayo mtaalamu peke yake anaielewa.

Pili, nina mbunge mmoja na najua nyumba yake ilipo. Afrika Kusini tangu 1994 wanapigia chama, chama kinapeleka orodha ya watu. Mimi gati likiharibika nimfuate nani, orodha?

Tatu, kurudia uchaguzi ni mzigo. Mvuvi akipoteza siku mbili za bamvua kwa ajili ya foleni, nani atamlipa?

Mwl_Makorora

Marahaba nahodha. Hoja yako ya kwanza ni nzito, naikubali. Hata uchaguzi wetu wa kwanza kabisa Tanganyika, ule wa kura tatu, ulikuwa na ubaya huo wa kuwachanganya watu kwa makusudi. Hapa Tanga tulikuwa kwenye awamu ya kwanza, Septemba 1958. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ukimpigia mmoja tu kura yako haina thamani. Na ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. TANU ilibishana sana Tabora mwezi Januari mwaka ule kama iingie au isuse. Ikaingia, ikawaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu, ikashinda. Kila kundi la rangi mshindi alikuwa mwenye kura nyingi. Kwa hiyo mfumo huu si wa jana kwetu, tuliurithi kwa Mwingereza tukabaki nao.

Katibu_wa_Vibua

Nahodha, naheshimu ulichosema juu ya mama. Ila nikuonyeshe upande wa pili, kwa sababu nimehangaika kuutafuta.

Lesotho, 1998. Nchi ndogo, majimbo 80, mfumo kama wetu. Chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura. Viti? 79 kati ya 80. Asilimia 40 ya wananchi wakabaki na kiti kimoja. Maseru, mji wao mkuu, ikawaka moto, majeshi ya nchi jirani yakaingia kutuliza. Baadaye wakakaa wakabadilisha: kuanzia uchaguzi wa 2002 wakabaki na majimbo yao 80 na kuongeza viti 40 vinavyogawanywa kufidia vyama vilivyopata kura nyingi lakini majimbo machache. Ona, hawakumwondoa mbunge wa jimbo. Yule unayemjua nyumba bado yupo.

Hata huko tulikourithi, Uingereza, Julai 2024 chama cha Labour kilipata takriban asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata asilimia 14 wakaambulia viti 5, na Liberal Democrats waliopata asilimia 12, chini yao, wakapata 72. Ni jambo lile lile la Mwalimu: Liberal Democrats kura zao zimekusanyika mahali, za Reform zimetawanyika nchi nzima kama dagaa waliomwagika.

Umm_Raskazone

Naomba nichangie, maana wanaume mmeongea sana na hamjagusa jambo moja.

Mnasema kura ya aliyeshindwa inapotea. Kwa ubunge wa Tanzania haipotei yote. Wabunge wanawake wa viti maalumu wanagawanywa kwa vyama kulingana na kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima, kwa sharti kuwa chama kifikishe angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge. Katiba inataka wanawake hao wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Kwa hiyo ukipigia kura chama ambacho hapa jimboni kwetu hakina njia, kura yako inaingia kwenye kapu lile kubwa, na inaweza kumpeleka mwanamke bungeni.

Nimeshafanya kazi ya ukarani kituoni na nimewaona watu wanageuka mlangoni wanasema "mtu wangu hashindi, naharibu muda". Natamani mtu angewaambia hili kabla hawajageuka.

Kwa hiyo sisi tayari tuna mifumo miwili ndani ya Bunge moja: majimbo kwa mwenye kura nyingi, viti maalumu kwa uwiano. Ninacholilia mimi ni kuwa ule wa haki zaidi ndio uliowekwa pembeni, na jina lake limefanywa la hisani.

Nahodha_Mwambani

Bi Umm, hilo la viti maalumu kuhesabiwa kwa kura za jimboni sikulijua. Nimepiga kura mara tano. Ahsante.

Mgosi_wa_Lushoto

Wagosi, mimi niongee kama mtu aliyewahi kuzunguka na kampeni. Adui wa mgombea kwenye mfumo huu mara nyingi si yule wa mbele. Ni yule wa pembeni yake, anayefanana naye.

Kenya 1992: Moi alipita na takriban asilimia 36. Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Zambia 2001: Mwanawasa aliapishwa na takriban asilimia 29, Mazoka akiwa nyuma yake kidogo tu, kwenye karatasi yenye wagombea kumi na mmoja. Watu saba katika kila kumi walimtaka mtu mwingine, ila hawakumtaka mtu mwingine mmoja. Zambia baadaye, kwa marekebisho ya 2016, wakaweka sharti la nusu. Kenya tumeshaisema. Malawi ni mahakama iliyofanya: Februari 2020 ilifuta uchaguzi wa 2019, ambao Mutharika alitangazwa kwa asilimia 38.57, na ikasema neno wingi ndani ya katiba yao lina maana ya zaidi ya nusu. Waliporudia mwezi Juni, upinzani ukiwa umeungana, Chakwera akavuka nusu.

Na sisi 2015 vyama vinne vilifanya Ukawa kwa sababu hiyo hiyo: mgombea mmoja wa urais, na kila jimbo mmoja. Pale walipoelewana ulikuwa mpambano. Pale waliposhindwa kuachiana, mfano Segerea kule Dar, wawili wakabaki kwenye karatasi na CCM ikapita. Niliona majimbo mengine watu wa vyama rafiki wakigombania nani ajitoe kwa hasira kuliko walivyogombana na mpinzani wao. Mfumo unakulazimisha muafaka kabla ya kura, na muafaka wa usiku wa manane una mambo yake.

Mwl_Makorora

Mgosi amesema vizuri. Kuna Mfaransa aliyeitwa Maurice Duverger aliyeliandikia hilo tangu mwaka 1951: penye mwenye kura nyingi kuchukua kiti, siasa huelekea kubaki na vyama viwili, kwa sababu wapiga kura wanachoka kumpigia wa tatu. Si sheria isiyovunjika, Uingereza yenyewe imeikunja. Lakini mtu aliyesimama kituturini akimwacha anayempenda ili amzuie asiyemtaka, huyo analiishi bila kumsoma Mfaransa.

Niongeze: Rasimu ya Katiba ya tume ya Jaji Warioba, 2013, ilipendekeza rais apatikane kwa zaidi ya nusu. Kura ya maoni ya katiba mpya iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Kwa hiyo ibara ya 41(6) ipo palepale.

Katibu_wa_Vibua

Sasa nisaidieni niandike nini. Naona njia mbili. Ama wawili wa juu warudie kama hakuna aliyevuka nusu, ama kila mtu aandike moja, mbili, tatu kwa mpangilio wa anavyowapenda, na wa mwisho akitoka kura zake ziende kwa chaguo la pili. Australia wanawachagua wabunge wao hivyo.

Umm_Raskazone

Ya pili inaokoa muda, lakini una wanachama wasiosoma. Kwenye kikundi chetu cha akina mama tunatumia makopo yenye picha za wagombea, kila mtu anatumbukiza punje moja nyuma ya pazia. Kwa makopo, kurudia ni rahisi kuliko kupanga namba.

Bin_Pongwe

Si mpange mstari tu nyuma ya mgombea? Dakika tano mmemaliza.

Mwl_Makorora

Mwanangu, hapana. Kenya walifanya hivyo kwenye mchujo wa KANU wa 1988, wakaita mlolongo. Mistari mirefu ikatangazwa mifupi, na kila mtu alionekana amesimama wapi. Kwenye kikundi cha mikopo, nani atasimama mbali na mtu anayemdai?

Nahodha_Mwambani

Hapo nipo na Mwalimu asilimia mia. Pazia libaki. Na katibu, kwa kikundi cha watu 83 waliokaa chini ya paa moja, kurudia naikubali. Ubishi wangu ni wa nchi.

Katibu_wa_Vibua

Wakuu, narudi na taarifa, mkutano ulikuwa jana.

Walikuja 79. Kipengele kipya, cha wawili wa juu kurudia kama hakuna aliyevuka nusu, kilipita kwa kura 61. Mwenyekiti mwenyewe akasimama akasema hataki kuongoza watu wasiomletea hisa, uchaguzi urudiwe hapo hapo. Nilimheshimu sana kwa hilo. Tukatumia makopo ya Bi Umm.

Duru ya kwanza: 30, 28, 21. Hakuna aliyevuka. Ilikuwa imeshapita alasiri, mashua zimeanza kuingia, na mnaijua Deep Sea, samaki hamngoji mtu. Tulipoita duru ya pili watu 12 walikuwa wameshashuka pwani. Wakabaki 67. Yule wa pili akapata 38, mwenyekiti wetu wa zamani 29. Fedha zinakwenda benki Jumatatu.

Nilipotangaza, bibi wa dagaa alinyoosha mkono. Akasema 38 ni zaidi ya nusu ya waliobaki, lakini sisi tuko 83, na nusu ya 83 haijafika. Ukumbi ukanyamaza. Sikuwa na jibu mara hii pia. Mwenyewe akaendelea kusema ameridhika, akafungua kitambaa akatoa hisa zake za wiki saba mezani, akaomba iandikwe kwenye muhtasari kuwa mwakani duru zote mbili zifanyike asubuhi kabla mashua hazijaingia. Nimeandika.